Shali la Binti wa Kwanza

Chumba chetu cha yoga kiko ghorofani, juu ya duka la majembe na mbegu, hapa Kasese mjini, karibu na mpaka wa Kongo. Harufu ya dawa ya nyanya hupanda ngazi pamoja nasi, na mchana bati hushika joto mpaka likaanza kulia lenyewe. Ndiyo maana tunakutana jioni, jua likishaelekea Kongo. Dirisha letu moja linatazama milima, ingawa milima yenyewe huonekana kwa nadra. Kinachoonekana ni wingu, limelala pale kutwa kama mtu asiye na shamba. Mimi ndiye mwalimu. Nasema mwalimu kwa sababu ndivyo wanavyoniita, usiniombe cheti.

Sehemu wanayoipenda wote ni ile ya mwisho, ya kulala chali, viganja juu, macho yamefumbwa. Vitabuni huitwa mlalo wa maiti. Hilo sijawahi kuwaambia. Mimi husema tu, "Sasa tupumzike," na chumba kizima hunyamaza, hata watoto wa duka la chini huonekana wamenyamaza. Waume huwatania kwamba wanapanda ngazi kwenda kulala ilhali vitanda wameviacha nyumbani. Mke wa mchungaji mmoja alitumwa kuja kuchunguza kama tunaabudu miungu ya wageni. Alilala mpaka akakoroma, na alipoamka aliuliza kesho tunaanza saa ngapi. Mpaka leo tuko naye.

Tuna desturi yetu pia, sijui nani aliianzisha. Mgeni anapojiunga, anakaa katikati na sisi tunamzunguka. Tunavuta pumzi, mimi nataja jina lake, kisha wote tunashusha pumzi pamoja. Basi. Baada ya hapo si mgeni tena, na anaweza kutumwa kufagia.

Mwaka nilipokuwa na mimba nilifundisha nusu nikiwa usingizini. Nilikuwa nikisema "inua mkono," halafu nasahau kuwaambia waushushe, wanabaki hivyo, mikono juu, wakinitazama kwa adabu. Mtoto aliogelea ndani yangu polepole. Mvua ilipopiga bati nilishindwa kujua kama sauti ile iko juu yangu au tumboni. Nililala kwa ubavu wa kushoto, wao wamelala kunizunguka, na ilikuwa kana kwamba chumba chote kimefunguliwa kamba na kinaelea juu ya mji.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Kwetu Wakonzo mtoto huwa na jina kabla hajazaliwa. Binti wa kwanza wa mama ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo. Mtu akikutajia jina lake katika soko la Bwera, umeshajua kwa mama yake ni wa ngapi. Kwa hiyo sina haja ya kuandika jina lolote hapa. Nikisema binti wa kwanza, jirani zangu wameshalisikia.

Daktari aliponipima akasema ni msichana, wenzangu hawakuhitaji mashauriano. Waliniona sina mtoto, wakajua wa tumboni anaitwa nani. Lakini walihesabu vibaya. Nilikuwa nimeshazaa binti.

Alizaliwa Bwera, nyumbani kwa mama yangu, baba yake akiwa ameshavuka mpaka kwenda zake. Mtoto aliondoka kwa homa kabla maua ya kahawa hayajapukutika. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na ile mikahawa. Baada ya hapo Bwera nzima ilinitazama kwa jicho la pole, na jicho la pole, asikudanganye mtu, linachosha kuliko kulima. Nikaenda Nyakalengija kupika katika nyumba ya wageni wanaopanda mlima. Asubuhi moja nilimkuta mgeni mmoja, mama wa makamo, amelala chali kwenye majani, hatikisiki. Nikajua huyu mlima umemmaliza. Nilipopiga magoti kumgusa alifungua jicho moja, akapiga majani kwa kiganja, kwamba nami nilale. Nikalala. Sikuwa nimelia tangu mazishi. Ukilia ukiwa chali machozi hayaendi mashavuni, yanaingia masikioni. Nililia mpaka masikio yakajaa maji na mto wa pale bondeni nikawa siusikii tena. Yule mama alikaa na wageni wenzake mpaka mwisho wa msimu, na kila asubuhi alinifundisha. Yoga yangu ilianzia hapo.

Kasese hakuna aliyejua habari hizi, wala hakuna aliyeuliza, nami nilipumzika. Aliyejua ni mume wangu peke yake. Ni mtu wa Bwesumbu, na watu wa kule juu mlimani hawapotezi maneno. Nilipomgusia habari ya jina alisema, "Mambo hayo yenu wewe na mama yako. Mimi nitamwita mutakavyoniambia." Akaenda kutazama maharage yake.

Kati ya wanafunzi wangu alikuwapo mke wa askari, mtu wa kaskazini anayeishi kambini, mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye Kiswahili cha kambini ambacho mimi, yeye na sisi wote ni "na" tu. Anadarizi vitambaa vya makochi, na nusu ya makochi ya kambi yamevaa kazi yake. Jambo la majina yetu lilimfurahisha kupita kiasi. Kwao, alisema, mtoto anaweza kukaa wiki nzima bila jina huku wazee wakibishana. Alimbana mke wa mchungaji mpaka akatajiwa jina la binti wa kwanza, akalirudia mpaka likamkaa sawasawa mdomoni. Tangu siku hiyo kila akipanda ngazi alisimama mbele ya tumbo langu, akapiga saluti.

"Jambo, afande," aliliambia tumbo, kisha akataja jina. "Leo nasumbua mama?"

Mara ya kwanza nilitaka kumkatiza. Mara ya pili nilicheka. Baadaye nikawa nasubiri, nasikiliza miguu yake kwenye ngazi, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amelitamka jina lile mbele yangu kwa furaha tangu tuondoke kaburini. Wengine nao wakamfuata. Mwisho wa darasa walikuwa wakipita mmoja mmoja, wanaweka kiganja tumboni, wanamuaga binti yangu kwa jina, na mtoto anageuka ndani kama aliyesikia.

Nikaanza kuota macho wazi. Niliona kwamba yule wa kwanza hakuwa amekwenda mbali. Alikuwa ameingia mto wa Lhubiriha kule mpakani, akaogelea chini ya daraja, chini ya miguu ya wachuuzi wa samaki, akatokea katika Nyamwamba hapa mjini. Mito hiyo haikutani, najua, lakini ndotoni nani anauliza ramani. Nilimwona anapanda ngazi zetu amelowa maji, amekasirika kidogo kwamba tumechelewa kumfungulia. Nilimpenda hivyo, na hasira zake. Ningenyamaza tu, basi. Ningemwacha mtoto aje aitwe hivyo wanavyomwita, na pasingekuwa na aliyekufa. Nilitamani jambo hilo mpaka mwili ukauma.

Mtoto alizaliwa asubuhi, mlima umefunuka mpaka juu kwenye barafu. Alikuwa na nywele nyingi na uso wa mtu aliyeamshwa bure. Nilimtazama nikimtafuta yule wa kwanza, nikapata sikio. Sikio la kushoto lilikuwa lile lile, nikajishikiza hapo.

Mama alifika kutoka Bwera na jogoo, unga wa muhogo na hasira, kwa sababu dereva aliwaweka njiani, pale Kinyamaseke, akisubiri abiria mpaka jogoo akaanza kuzoeana na watu. Mama anauza vitunguu mpakani, na Kiswahili cha soko kimemkaa hata nyumbani. Alinawa mikono, akamchukua mtoto, akampulizia usoni, akamwita. Alimwita jina la binti wa pili. Hakufikiri hata kidogo, kama vile mtu asivyofikiri akisema leo ni Jumatatu.

"Mama," nikasema, "hapa wanamwita lile lingine."

Akakaa kitandani, mtoto begani.

"Na wewe unamwita nani?"

Nikavuta shuka, nikamfunika mtoto miguu.

"Mutoto yangu, sikia. Huyu iko na jina yake. Ile ya dada yake, wacha ibaki na dada yake. Ukimupa huyu, yule atabaki na nini? Hana nguo, hana picha. Iko na jina tu."

Nilimkasirikia. Nilimwambia yeye ni mgumu kama jiwe la kusagia, na yeye akasema ndiyo, halafu akaenda kunikorogea uji. Nikabaki namtazama mtoto, na lile sikio sasa lilikuwa sikio tu, dogo, lenye nywele laini kwa nyuma. Nilimwonea huruma mtoto yule. Alikuwa amekuja mwenyewe, safari yake yote, na mimi nilitaka kumvika mtu mwingine.

Hata hivyo sikuwa nimeamua. Tuseme ukweli, nilipanda ngazi siku ya kumkaribisha mtoto darasani nikiwa bado na majina yote mawili mdomoni.

Walikuwa wamefagia na kumwaga maji sakafuni ili chumba kipoe. Mikeka ilikuwa imezungushwa, na kwenye kona kulikuwa na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Mama alikaa karibu na mlango, hakutaka mkeka, alisema magoti yake si ya michezo. Mke wa askari alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alifungua mfuko, akatoa shali jeupe, akalitandaza katikati ya duara kwa mikono miwili.

Jina lilikuwa pale. Alilidarizi kwa uzi wa njano, kila herufi na jani dogo pembeni, kazi ambayo huioni hata kwenye makochi ya makamanda. Wanawake waliguna kwa kupendezwa. Mimi nilisimama na mtoto mikononi, nikalisoma jina la binti yangu. Sikuwa nimewahi kuliona limeandikwa mahali.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Lalisha afande hapa. Sisi nangoja."

Wakavuta pumzi. Niliisikia ikiingia, pumzi ya chumba kizima, ikasimama. Walikuwa wananingoja mimi nitaje. Mlangoni mama alikuwa anatazama mikono yake. Mtoto alipiga mwayo, akanifungulia jicho moja.

Nikataja jina la binti wa pili.

Pumzi haikushuka. Wenzangu wa Kikonzo walielewa pale pale, nikaona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine. Mke wa mchungaji aliweka kiganja mdomoni. Mke wa askari peke yake ndiye aliyebaki anatabasamu, akinisubiri nijisahihishe.

"Mwalimu, umekosea. Jina iko hapa. Mimi mwenyewe nimeshona."

"Hakukosea," mke wa mchungaji alisema taratibu. "Hiyo ametaja ni ya binti ya pili."

"Ya pili? Sasa ya kwanza iko wapi?"

Haikuwa kazi yao kumjibu.

"Bwera," nikasema. "Nyuma ya nyumba ya mama. Alipata homa."

Nilisikia pumzi zikitoka ovyo ovyo, bila mpango, hii hapa, ile pale. Mke wa askari alipiga magoti mbele ya shali. Nikamwonea haya kwa kazi yake yote ile, nikamwambia tutafumua uzi, mimi nitamsaidia kufumua.

"Nafumua kwa nini?" akauliza, na sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka mpaka nikalazimika kuinama. "Jina iko na mwenyewe. Hii ni shali yake."

Alilikunja, jina likiwa juu, akaninyooshea. Kisha akafungua kitenge alichojifunga juu ya nguo ya kanisani, akakitandaza pale katikati. "Huyu atalala kwa yangu. Yake nitashona ingine. Taja tena, sisi hatukusikia muzuri."

Nikamlaza mdogo mtu juu ya kitenge, nikataja tena jina lake, lake yeye. Safari hii chumba kizima kilishusha pumzi pamoja, na mama pale mlangoni alishusha ya kwake, ndefu kuliko zote.

Sikujua tufanye nini baada ya hapo. Kwa kawaida mimi ndiye ninayesema. Nilisimama tu na shali kifuani, na wote wakasimama wakinitazama kama zile siku nilipokuwa nasahau kuwashusha mikono. Mke wa askari ndiye aliyenishika bega. Kwetu na kwao pia, mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na yeye tangu aje hapa alikuwa akiniita Mwalimu.

"Haya, Mama," akasema, na baada ya Mama akataja jina lile la kwenye shali, akalitamka sawasawa kama alivyojifunza. "Lala chini. Sasa tupumzike."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo, hata Bwera, maana binti yule aliondoka kabla watu hawajazoea. Nikamchukua mdogo wake, nikalala chali naye kifuani, shali chini ya kichwa, na masikio yangu yakajaa maji.