Mwalimu Mkuu Aliyemfukuza Binti Yangu Alikuja Kwangu na Nazi Mkononi

Mwalimu mkuu aliyemfukuza binti yangu shule alikuja mwenyewe nyumbani kwangu Jumapili, ameshika nazi na shali, anatafuta miguu ya kuinamia.

Hakujua ni miguu ya nani.

Mimi nilijua. Nilivaa sari yangu ya harusi kabisa, maana siku kama ile haiji mara mbili.

Naitwa Sulabha, nashona blauzi hapa Nashik, India. Binti yangu Revati ana miaka kumi na tano. Alizaliwa kwa shida, mikono inamtetemeka na maneno yanamtoka polepole. Akili je? Hesabu anazimaliza kichwani wewe bado unatafuta kalamu.

Madamu Pendse hilo hakuliona. Aliniita ofisini, akasema mtoto akiwa papo hapo anasikia:

"Huyu atatushushia matokeo. Kaa naye nyumbani."

"Basi nipe barua ya uhamisho, Madamu."

"Nitakupa. Saini hapa kwamba umemtoa kwa hiari yako."

Kwa hiari yangu! Nikagoma. Naye akaikalia ile barua miezi kumi.

Tukampeleka Revati shule ya mtandaoni. Huko anaandika majibu kwa kidole kimoja, hakuna wa kumharakisha. Aling'ara. Lakini bila barua hawakuweza kumsajili kwa mtihani wa darasa la kumi, na usajili ulikuwa unafungwa mwezi wa saba.

Nililala na hasira, nikaamka nayo.

Sasa, huko mtandaoni kulikuwa na msichana mmoja, Mugdha, miaka kumi na tatu. Akisoma, herufi zinamchanganya. Kamera yake haiwashwi kamwe. Kila jioni Revati alimfundisha hesabu kwa kuchora, mpaka yule mtoto akawa anamwita Tai, yaani dada mkubwa.

Siku moja Mugdha akajisahau, kamera ikabaki wazi. Nyuma yake akaingia bibi na sahani ya poha, kile chakula chetu cha mchele.

"Soma, mjukuu wangu. Watu wakijua uko hivi, uso nitauweka wapi?"

Nikaacha cherehani inazunguka yenyewe.

Pendse! Pendse mwenyewe, anamficha mjukuu wake shule ile ile alikokimbilia mtoto aliyemfukuza!

Nikapiga picha ya skrini. Kidole kilishafika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule yake. Nilisema leo tunakula sahani moja.

"Futa, Mama," Revati akasema.

"Nifute? Una wazimu wewe?"

"Mugdha... ataacha... kusoma. Futa."

Nikafuta, machozi ya hasira yananitoka.

Ikakaribia Guru Purnima. Siku hiyo kwetu mwanafunzi humwendea mwalimu wake akamgusa miguu, na mkubwa wa familia humvika mwalimu shali na kumpa nazi kwa mikono yake mwenyewe. Ukikwepa, umejivunjia heshima. Na Pendse ndiye anayewahubiria wanafunzi kila mwaka kwamba mwalimu haulizwi umri.

"Tai, nije kwako na bibi?" Mugdha aliuliza.

Revati akampa anwani. Mimi nikadakia, "Mwambie bibi asikose!"

Bibi alidhani Tai ni mwanamke mtu mzima.

Basi wakaja. Mugdha akamkimbilia Revati, akainama, akamgusa miguu. Pendse akaganda mlangoni.

"Wewe?" akaniambia.

"Karibu, Madamu. Mwalimu anasubiri shali."

"Sulabha, hebu tuongee pembeni..."

"Bibi, mbona umesimama?" Mugdha akasema. "Ndiye Tai! Mvike!"

Atakataa vipi mbele ya mjukuu? Akamvika. Nazi akamkabidhi mkononi. Kisha akaunganisha viganja, akamwinamia mtoto ambaye yeye mwenyewe alisema atawashushia matokeo. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilifurahi, na sitaki kuwadanganya.

"Na ile barua?" nikauliza.

"Kesho, ofisini."

"Leo. Usajili unafungwa kesho. Mugdha atakaa hapa ale puran poli, mkate wetu mtamu wa sikukuu, wewe nenda ukagonge muhuri."

Baada ya saa moja alirudi, jasho linamtiririka. Barua ilikuwa kamili, na neno hiari halikuwamo.

Walipoondoka nikamgeukia Revati, nimevimba kichwa.

"Umeona mama yako anavyojua kupanga?"

Akacheka mpaka shali ikamdondoka.

"Mama... mimi nilijua... tangu wiki ya kwanza. Nilisikia... sauti yake... nyuma ya Mugdha."

Nikakaa chini.

"Sasa picha ulinizuia ya nini?"

"Picha... angeikana. Na mimi... nilitaka... ainame."

"Kwa hiyo Mugdha ulimfundisha kwa ajili ya kisasi tu?"

"Mwanzoni. Sasa... nampenda. Bibi yake... simpendi."

Miezi yote ile mimi nilikuwa natukana mbele ya cherehani, kumbe mwenye kazi alikuwa pembeni yangu, kimya, anafundisha sehemu na desimali.

Jumatatu asubuhi tulimsajili.

Wenzangu, msimdharau mtoto kwa sababu ulimi wake ni mzito. Aibu anaihisi kama wewe, na kinyongo anakiweka vizuri kuliko wewe. Mimi mama yake mzazi, siku hizi naongea naye kwa adabu.