Fundi Aliyekinai

"Umechoka, mama watoto. Pumzika," mumewe alizoea kumwambia.

Fundi, aliyeshona magauni ya harusi tangu ujana wake, neno hilo lilimkera. "Kuchoka wapi! Aliyechoka hulala, akaamka na hamu yake. Mimi nimekinai. Nalala hivi, naamka hivi hivi."

Zamani, bibi harusi akijitazama kwenye kioo, fundi alitokwa na machozi ya kweli. Siku hizi aliangalia pindo tu, na sifa zikamtoka zenyewe: "Umependeza, mwanangu, kama malkia!" Wateja walifurahi, naye hakuona ubaya.

Ikafika zamu ya binti yake wa kwanza, aliyekulia mle mle dukani, akicheza na vipande vya vitambaa chini ya meza. Alivaa gauni, akageuka taratibu, akamtazama mama yake, akasubiri. Fundi alitafuta moyoni hata chozi moja, akakuta pakavu. Akazitoa pini mdomoni.

"Umependeza, mwanangu, kama malkia!"

Binti alitabasamu kidogo, akaanza kufungua vifungo vya mikono ya gauni.

"Asante, mama," alisema. "Lakini mimi si mteja."