Mbaazi za Uzi Mwekundu

Hasira ya Jumapili ile hadi leo sijui nimwelekezee nani.

Mbaazi za mama yangu, kule Katangi, zilikuwa zikifa kila msimu. Zinachanua vizuri, halafu zinanyauka na maua yake. Kuvu huingia kwenye mizizi, hupanda na kuziba mirija ya maji, mmea ukafa kwa kiu hata mvua ikinyesha. Na mimi, mtoto wake, kazi inayonilisha ndiyo hiyo: magonjwa ya mbaazi na kunde, maabara, koti jeupe. Inaudhi, jamani.

Kila mbaazi ina jeni za kinga. Shida ni kwamba nyingi huziwasha kuvu ikishapanda shinani. Zinazopona humtambua adui angali mlangoni, zikawasha jeni mapema, zikakaza kuta za mizizi na kutengeneza sumu ya kumuua. Msimu huo, katikati ya zile kavu, mashina machache yalisimama kijani, maganda tele. Nilipima vipande vya mizizi yake. Jeni ziliwaka mapema! Nusura nilie. Nikayafunga uzi mwekundu, nikamwambia mama, "Mwaitu, hizi ndizo nzuri." Zikomae tu, nichukue mbegu, shamba lake lijae tena.

Niliporudi kuvuna, jumuiya ya kanisa ilikuwa imekuja kusali kwetu. Nikapakuliwa muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kwa mbaazi. Tamu ajabu. Nikaongeza. Kisha nikachukua mfuko wangu, nikaenda shambani. Peupe.

"Mwaitu, zile za uzi ziko wapi?"

"Si ndiyo hiyo umekula?" Alinishangaa. "Shamba ilikuwa imekauka, ni aibu wageni wapite hapo. Tukang'oa yote. Hizo za uzi nikajua umenichagulia ya wageni. Ama ningewapikia mbaya?"

Nilitaka kupiga kelele. Lakini kwetu kizuri ni cha mgeni, na ni yeye aliyenilea hivyo. Nilichungulia jikoni: mashina yalikuwa mekoni, yakichemsha chai ya wageni. Mizizi yake, niliyoipima kwa uangalifu ule wote, ilikuwa majivu.

Mama aliniona nimenuna, akadhani sijashiba. Akaniletea sahani nyingine, mbaazi laini zilizoiva hadi kupasuka.

"Kula, mwanangu. Mwaka huu hakuna zingine."