Mizani Ukweni

Kazi yangu ni kukaa. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi pale Kashaulili, na kwa miaka niliyokalia kile kiti nimechapa barua za nusu ya mji na kujipatia kitambi cha kunitosha. Mke wangu hakuwa na neno nacho. Kwao ni wafugaji wa Kisukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao, na kwao mkwe mwenye kitambi ni ushahidi kwamba binti yao anapika.

Aliyenichokonoa ni mteja mmoja, kijana aliyefungua chumba cha mazoezi jirani. Alikuja kuchapisha tangazo, akaniangalia tumboni kama fundi anavyoangalia ukuta ulioanza kupasuka, akasema, "Bosi, tatizo lako sio kula. Tatizo lako ni makro."

Sikuwahi kuwa na tatizo lenye jina zuri hivyo. Akanieleza: wanga, protini na mafuta, kila kimoja kina kiwango chake kwa siku, kwa gramu, na juu ya vyote kuna jumla ya kalori. Akaniwekea programu kwenye simu. Nikajaza urefu, uzito na umri, nayo ikanipa viwango vyangu pamoja na duara la kijani ambalo lingejaa kadiri ninavyokula. Nikipitiliza, linakuwa jekundu. Siku ya kwanza lilikuwa jekundu kabla sijafungua duka, kwa sababu ya chapati.

Nikanunua mizani ya jikoni. Nyumbani kwetu, mtaa wa Shanwe, mke wangu akaanza kula peke yake huku mimi nikiwa bado napima.

"Ugali unapoa," ananiambia.

"Subiri, nauingiza."

"Unauingiza wapi wakati mdomo uko hapo?"

Shida nyingine ni kwamba simu haikujua tunachokula. Mgebuka, samaki wetu wa ziwani, hayumo. Yumo samaki wa nchi za baridi, amepigwa picha na kipande cha limau. Nikiandika mlenda, inaniletea matikiti. Basi nikawa nakula mlenda kwa mdomo na matikiti kwa maandishi, na jioni simu inanipongeza kwa kupenda matunda.

Baada ya mavuno tukaenda kuwasalimia wakwe, kijijini, njia ya Mishamo. Mke wangu alisema mizani haiendi. Ilienda, chini ya mashati yangu kwenye begi.

Mchana tukaandaliwa uani, mimi, baba mkwe na wazee wawili majirani. Mama mkwe, kwa heshima ya kwao, hali na mkwe wala hamkaribii akila. Maneno yake hutoka jikoni yakiletwa na mke wangu. Ugali ukaja, kuku akaja, maziwa mgando yakaja. Nikanawa, nikatoa mizani, nikaweka sahani juu yake.

Wazee wakaondoa mikono kwenye ugali. Inafaa kueleza kwamba wale wazee ni wakulima wa mpunga. Wameishi wakiona wanunuzi wakija na mizani zao, na gunia lililojaa nyumbani likawa jepesi likifika kwa mnunuzi. Mtu mwenye mizani, kwao, hajawahi kuja kwa heri.

"Mkwilima," akasema baba mkwe, maana ndivyo wanavyomwita mume wa binti yao, "hiyo ni ya nini?"

"Ya kupimia chakula, baba."

"Kwani umekinunua?"

Mzee mmoja akainama kuitazama. "Imekaguliwa hii?"

Mke wangu akatoka jikoni akiwa amekunja uso. "Mama anauliza amepunja wapi."

Nikaharakisha kueleza. Hakuna aliyepunja. Mwili wangu unatakiwa upate wanga kidogo na protini nyingi, na simu ndiyo inayonihesabia.

"Protini ndiyo nini?" akauliza baba mkwe.

"Nyama, baba. Maziwa. Mayai. Hata maharage."

Maharage hakuyasikia. "Na wanga?"

"Huu ugali."

"Kwa hiyo simu inasema nyama iongezwe, ugali upunguzwe."

"Kwa kifupi, ndiyo."

Aliiangalia simu yangu kama mtu aliyeletewa habari njema na mjumbe asiyemtarajia. Kisha akataka apimwe na yeye. Nikajaza umri wake kwa kukisia na uzito wake kwa mabishano. Maisha yake yote ametembea nyuma ya ng'ombe na ni mwembamba kama fimbo yake, kwa hiyo simu ikaamua anatakiwa aongezeke.

"Mmesikia huko?" akapaza sauti kuelekea jikoni. "Serikali imesema niongezwe nyama!"

"Ni simu, baba, sio serikali."

"Serikali siku hizi iko wapi kama sio kwenye simu?"

Jioni ile mbuzi alichinjwa. Kesho yake akachinjwa mwingine. Wazee wakaja kupimwa mmoja mmoja, wakiwa wamevaa makoti, na wote, kwa bahati, wakakutwa na upungufu wa nyama. Hakuna aliyekutwa na upungufu wa mlenda. Mimi niliyeleta elimu hiyo duara langu lilikuwa jekundu tangu asubuhi, maana ukweni ukisema umeshiba wanakuuliza nani kakuudhi.

Kisha ikafika jioni ambapo jikoni hakukutoka moshi. Tulikaa uani tukisubiri, baba mkwe akiwasimulia wazee faida za protini kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Mke wangu akatoka, mikono kiunoni.

"Mama anasema nyie mnaokula kwa vipimo, mpike kwa vipimo. Unga uko ndani. Kuni ziko porini."

Wakaniangalia. Simu ilijua kalori za ugali lakini haikujua unasongwaje. Tulipika, mimi, wale wazee wawili na baba mkwe mwenyewe, tukatoa kitu chenye mabonge ambacho nje kimeungua na ndani ni unga mkavu. Tukakila gizani. Hakuna aliyeomba kipimwe.

Asubuhi, nikiwa nanawa uso, nikasikia sauti ya mama mkwe nyuma ya mlango. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuzungumza nami moja kwa moja zaidi ya salamu.

"Mkwe, chakula changu kilikuwa na upungufu gani?"

Nilishika taulo nisijue pa kuangalia. "Hakikuwa na upungufu, mama."

"Nilimkamata yule kuku mwenyewe. Nikakuona unamweka kwenye mizani mbele ya watu."

Nikaomba radhi kwa dhati, nikiuambia mlango. Akasema chai iko tayari na michembe ya karanga, vile viazi vitamu vya kukaushwa, nile nishibe. Nikala nikashiba. Mizani haikutoka tena kwenye begi.

Siku hizi nakula ugali nusu ya ule wa zamani, kwa kukadiria kwa jicho, na nikifunga duka natembea kwa miguu mpaka Shanwe. Mkanda sasa naukaza tundu moja zaidi.

Majuzi baba mkwe alinipigia simu. Aliongea chini chini, nikajua mama yuko karibu.

"Mkwilima, huyu ananipa mlenda kila siku. Hebu iulize hiyo simu, mlenda una protini?"

"Kidogo sana, baba."

Akavuta pumzi. "Lakini si wewe ndiye unayeiandikia?"

"Ni mimi."

"Basi niandikie mbuzi."