Boksi la Nota

Kwanza niseme hili liishe: kinanda sikijutii. Watu wakinisikia nikisimulia habari hii hudhani nataka kulilia ya kale, eti zamani palikuwa na kwaya na siku hizi ni kelele tupu. Sivyo. Mimi nilichaguliwa mwenyekiti wa vijana wakati usharika wetu wa Iringa mjini unakauka, na nilichokiona nakijua. Jumapili ya kwanza ya uongozi wangu vijana wote tulitosha kwenye benchi moja, tena kwa kujitanua. Wengine walikuwa wamehamia kanisa la turubai lililofunguliwa jirani, lenye spika kubwa na watu wanaoruka mpaka vumbi linatimka.

Mchungaji wetu naye alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu karibuni. Aliniita ofisini akaniambia kwamba tukienda hivi, muda si mrefu atakuwa anayahubiria mabenchi. Alitaka tutafute kinanda na spika, tuunde timu ya kusifu, vijana waimbe nyimbo ambazo tayari wanaziimba huko mitaani. Nilikubali kabla hajamaliza. Mimi nina haraka, nimezaliwa nayo. Mama yangu husema nilitoka mkunga hajanawa mikono. Kilichobaki kilikuwa kumwambia mwalimu wa kwaya.

Mwalimu alikuwa mzee wa Kalenga, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na alikuwa akifundisha kwaya ya vijana tangu mimi sijazaliwa. Kila Jumatano na Jumamosi alikuja mjini kwa baiskeli, suruali kaibana kifundoni kwa mpira isinaswe na mnyororo, na nyuma kafunga boksi ambalo zamani lilikuwa la mafuta ya kupikia. Humo ndimo zilimokaa nota zake zote, ameziandika kwa mkono. Hakuwa na kinanda na hakukitaka. Aliandika herufi za nota ubaoni, sauti nne moja chini ya nyingine, akapiga meza kwa rula, na ole wako uingie kabla ya zamu yako.

Mimi niliimba sauti ya pili. Kwa asiyezijua kwaya, sauti ya kwanza ndiyo inayobeba tuni. Ndiyo watu wanayoondoka nayo kanisani wakiipigia mluzi njiani. Sauti ya pili iko chini yake kidogo, kazi yake ni kujaza. Ukiiimba peke yake, mtu wa chumba cha pili atakuuliza unaumwa nini. Tatizo letu sisi wa sauti ya pili lilikuwa kwamba sikio lilivutwa na wale wa kwanza, tukawafuata. Mwalimu alitusihi, "Sauti ya pili, bakini nyumbani." Hatukubaki. Basi aliitupa rula mezani akatuuliza kama huko nyumbani kwetu kunaungua moto. Tulicheka sana, naye akijifanya kukasirika, na wakati mwingine alikasirika kweli.

Alitufundisha nyimbo nyingi, lakini wa kuutunga mwenyewe ulikuwa mmoja. Aliutunga wakati mkewe alipofariki. Hakuuruhusu kanisani siku za kawaida. Tuliuimba mara mbili tu, kwenye misiba ya waimbaji wenzetu. Mara zote mbili niliwaona waliokuwa wanafukia kaburi wakisimama na kuegemea majembe yao. Kwa nyimbo nyingine hawasimami, maana jua linazama na watu wana njaa.

Huyo ndiye niliyekwenda kumwachisha kazi. Nilimsubiri nje ya kanisa baada ya mazoezi, maneno nimeyapanga tangu asubuhi: usharika unakushukuru, vijana wamebadilika, mambo ni mapya, tutakukumbuka katika maombi. Mdomo ninao, nikayamwaga yote bila kumeza mate. Alinisikiliza huku akilijaribu tairi la baiskeli kwa kidole gumba. Nilipomaliza hakuuliza kwa nini, wala nani kaamua. Aliuliza nota zitakaa wapi. Nikasema stoo ya kanisa. Akalifungua boksi kutoka kwenye baiskeli, akanikabidhi mikononi, akasema nilitunze mimi kwa sababu karatasi nazijua. Ni kweli, nafanya kazi kwenye steshenari pale Mlandege; yeye mwenyewe alikuwa akija kwangu kutoa kopi, na nikiikunja karatasi yake hata ncha tu, tunagombana. Alipanda baiskeli akaondoka. Kwa mara ya kwanza niliiona ile baiskeli haina mzigo.

Kinanda na spika vikaja. Siku tunavipanga nilikuwa juu ya kiti napitisha waya, jasho linanitoka, kila mtu ananiuliza mimi: dada hiki kikae wapi, dada kile kitoke. Mmoja akauliza habari ya boksi la karatasi lililoko stoo, maana spika hazienei humo. Nikamjibu bila kugeuza shingo kwamba alitoe, ampe mama maandazi wa getini afungie. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Sikuwa na chuki na mtu, Mungu ananiona. Nilikuwa na waya mkononi na nilitaka kazi iishe.

Kama wiki mbili hivi zilipita. Nikanunua maandazi pale getini, nikapewa yamefungwa kwenye karatasi imelowa mafuta, na chini ya mafuta nikauona mwandiko wa mwalimu. Mistari minne, na kule juu kaandika kwa wino mwekundu: polepole. Ningeweza kumuuliza mama maandazi zimebaki karatasi ngapi. Palikuwa na watu kwenye foleni, nikaona haya. Nikala maandazi yangu, karatasi nikaitupa.

Na vijana walijaa, nisifiche. Mwaka ule ule mabenchi yetu yalifika mpaka mlangoni, wengine wamesimama, na waliorudi kutoka turubai walirudi na marafiki zao. Mchungaji alinisifu mbele ya wazee wa kanisa. Kipya kinyemi, ingawa ni kidonda. Ila sikupita tena getini kununua maandazi.

Mwalimu alianza kuumwa kifua, binti yake anayeishi Mbeya akaja kumchukua. Miezi ikapita, tukasikia hali si nzuri. Mchungaji alikuwa na mkutano Mbeya, akasema twende wote tukamwone, na akampigia binti simu kumwambia tunakuja. Tuliwakuta Uyole, pembeni mwa mji wa Mbeya, mvua inanyesha ile ya huko isiyo na haraka, na baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani na sweta mbili na blanketi. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, ila macho ni yale yale ya kukutafuta uliyekosea. Kando yake palikuwa na stuli, na juu ya stuli dawa, kikombe, na daftari jipya lenye penseli juu yake. Nilipoliona nikafikiri, huyu naye, hata kitandani anataka kufundisha.

Nilimwamkia, akaitikia, akauliza habari za Iringa, mahindi na mvua. Halafu akaniangalia.

"Boksi langu lipo?"

"Lipo, mwalimu."

"Panya hawajala? Kama kuna zilizopotea niambie tu, binti. Mkono bado unaandika."

Mchungaji alikuwa ameketi pale pale ananitazama, naye habari za boksi hakuzijua. Nikasema, "Zipo zote, mwalimu. Usiwe na shaka."

Akafumba macho kidogo. "Basi siku yangu mniimbie ule."

Nikasema tutauimba. Kwetu mgonjwa haambiwi habari mbaya, ndivyo tulivyolelewa, na njia nzima ya kurudi nilijifunika kwa neno hilo. Lakini haikuwa adabu. Ilikuwa aibu, na kiburi cha mtu ambaye amesifiwa mbele ya wazee. Tulipopita Makambako nilifungua mdomo nimwambie mchungaji, nikamuuliza kama tutasimama kula. Niliazimia kurudi Mbeya peke yangu, nimpigie mwalimu magoti, nimwambie aandike. Wiki ile ikawa na semina ya vijana. Iliyofuata tukawa na kipaimara. Halafu steshenari ikajaa watu wa kufungua shule. Siku zilikwenda, na binti yake akapiga simu.

Mwili ungeletwa Kalenga azikwe kando ya mkewe. Nilikuwa na siku mbili. Nilimtafuta aliyekuwa kinara wetu wa sauti ya kwanza, siku hizi kaolewa, anasali kwingine. Alilia kwenye simu, akasema shoga yangu, maneno nayakumbuka yote, tuni ndiyo imeniponyoka. Nikampigia wa sauti ya nne, ambaye yuko Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Mashine za kusaga mawe zilikuwa zinanguruma nyuma yake. Aliuanza mstari wa kwanza, akaenda, akaenda, akakwama. Akaniambia, dada, nimesahau, ila ulikuwa wimbo mzuri sana ule. Sauti ya tatu walikuwa wawili. Mmoja simu yake haikupatikana, na mwingine tulimzika wenyewe kwa wimbo huo huo.

Tuni hata mimi ilikuwa imenitoka; nilichokuwa nacho ni karatasi moja. Zamani kila mtu alinakili sauti yake tu, na yangu ilikuwa bado imo ndani ya kitabu changu cha nyimbo, imekunjwa mara nne. Niliipeleka kwa vijana wangu wa timu ya kusifu. Wasilaumiwe, walijaribu kwa moyo. Nilimwimbia mpiga kinanda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, naye anatafuta kwa vidole, kainamisha kichwa. Mwisho akaniambia kwa upole, "Dada, hii haina tuni."

Kule Kalenga upepo ulikuwa mkali, turubai linapigapiga. Vijana waliimba nyimbo zao, na waliimba vizuri, watu walitoa machozi. Kisha mchungaji akatangaza kwamba marehemu aliacha ombi la wimbo, na mwenyekiti wa vijana atauongoza. Ningeweza kuchagua mwingine wowote. Nani angejua? Lakini yule aliyejua alikuwa mbele yangu ndani ya sanduku, nami nilikuwa nimeshamdanganya mara moja.

Nilisimama peke yangu nikaimba sauti ya pili. Beti zote tatu. Wimbo ule una mahali ambapo sauti ya pili inanyamaza kabisa ili ya kwanza ipande juu peke yake, halafu tunaingia chini yake. Nilipofika pale nilinyamaza, nikahesabu moyoni kama alivyotufundisha, na kwa muda wote ule hapakusikika kitu ila turubai na mtu mmoja anakohoa. Nikaingia kwa zamu yangu. Sikukosea hata nota moja. Nilibaki nyumbani, mwalimu, kwa sababu hapakuwa na wa kumfuata. Watu walitazama chini kwa heshima, kama mtu anavyotazama chini mwenzake akijikwaa. Waliokuwa na majembe hawakuyaegemea. Walisubiri nimalize, wakaendelea.

Baada ya mazishi niliingia ndani kumpa pole binti yake. Alikuwa ameketi mkekani na kina mama wengine, khanga begani, macho yamevimba. Akanisogezea nafasi nikakaa. Akauliza taratibu, kama anayeogopa kunikosea.

"Dada, ndio wimbo wenyewe ule? Baba alikuwa akiusifia sana."

"Hapana, dada. Ile ni sauti ya pili tu. Nyingine nilizitupa mimi, zikafungiwa maandazi. Siku ile Mbeya nilimwambia uongo."

 Nilingoja anifukuze, na ningeondoka. Hakunifukuza. Alikaa akikunja na kukunjua pindo la khanga yake.

"Lile daftari alinituma nikalinunue asubuhi ile," akasema, "aliposikia unakuja. Mlipoondoka akampa mwanangu. Akasema, chukua ukaandikie hesabu, babu halihitaji tena."