Kipindi cha Kasuku

Walimwita Mama Kasuku, na jina lenyewe alijitakia. Mwalimu wa hesabu kwa miaka ishirini na miwili, mtu mzima na heshima zake, alipelekwa semina ya siku sita kuhusu stadi za hisia na mahusiano, akarudi na sheria moja: usimjibu mwenzako mpaka umerudia alichosema, naye akubali kwamba ndivyo. Basi. Kidato cha pili walipoisikia walicheka mpaka madawati yakalia. Tangu hapo Ijumaa saa ya mwisho ikawa kipindi cha kasuku.

Nyumbani nako hakueleweka. Mumewe, fundi bomba, alirudi kazini amechoka, akauliza chakula kiko wapi. "Unasema una njaa," mkewe akamjibu kwa upole wa semina. Mwanaume wa watu akamkodolea macho. "Mke wangu, kama hujapika sema tu, tusizungushane." Mama Kasuku alicheka mwenyewe hadi machozi, lakini sheria hakuiacha.

Mkuu wa shule alitaka saa ile ya Ijumaa irudi kwenye mazoezi ya mtihani. "Tena wewe ndiye mwalimu wa hesabu," alimwambia, "unajinyang'anya mwenyewe." Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wenzake walimdhani mbishi tu. Hawakujua kilichokuwa kikimwasha. Miaka miwili nyuma, akiwa msimamizi wa nidhamu, aliandika kwa mkono wake barua ya kumfukuza msichana mmoja kwa ugomvi, bila kumuuliza hata swali. Baadaye akakutana naye sokoni, mtoto mgongoni, na yule binti akampa shikamoo kwa adabu zote. Ile shikamoo ilimchoma kuliko tusi. Akaapa hataandika tena barua ya namna hiyo, wala hatanyamaza ikiandikwa mbele yake.

Sasa darasani mle kulikuwa na msichana waliyemwita Kiberiti, na mtu haitwi Kiberiti kwa upole. Mama yake alifariki mwaka uliotangulia, akalelewa na shangazi. Tangu msiba ule hakukuwa na wiki bila ngumi, na sasa alikuwa na onyo la mwisho: akipiga mtu tena, anaondoka. Wiki tano za kwanza alikaa nyuma amenuna, harudii neno la mtu. Mama Kasuku hakumbembeleza. Kila Ijumaa alimpanga na mwenzake mwingine, kila Ijumaa akasubiri. Wiki ya sita Kiberiti akafungua mdomo. Ya nane akawapatanisha wawili waliogombea dawati, akiwarudishia maneno mmoja mmoja, mkali kama hakimu. Akaanza kula na wenzake. Muhula ulikaribia kwisha bila ngumi.

Halafu, Alhamisi moja bombani, akamzaba kofi kiranja wa darasa, mdomo ukavimba. Hakusema kwa nini.

Kesho yake asubuhi barua ilikuwa mezani kwa mkuu, imebaki sahihi tu. Mama wa kiranja, muuguzi, alikuja na sare yake ya kazi, bintiye pembeni. Shangazi wa Kiberiti hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo upande wa Kiberiti alisimama naye Mama Kasuku peke yake.

"Kutwa nzima nafunga vidonda vya watoto wa watu," alisema muuguzi, "nikirudi nyumbani nakuta cha wangu. Huyu aondoke leo." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

Mama Kasuku alikuwa tayari kubisha. Kiberiti akamtangulia.

"Shikamoo mama. Unasema unawatibu watoto wa watu, na wako amepigwa hapa ulipojua yuko salama."

Muuguzi akababaika. "Ndivyo," akasema, sauti imeshuka.

"Ni kweli nimempiga. Nimekosa."

"Sasa na wewe useme," Mama Kasuku akamwambia.

Kiberiti akatazama miguu yake. "Viatu hivi ni vya marehemu mama. Vinanizidi, navijaza vitambaa. Kiranja aliniambia nikavizike na mwenyewe."

Kwa sheria ilikuwa zamu ya kiranja, na Mama Kasuku akamwangalia bila kupepesa. Mkuu alitaka kuingilia. Akamzuia kwa mkono, bosi wake mwenyewe, bila hata samahani. Alijua fika kwamba kiranja akikaa kimya, barua ile inatiwa sahihi.

"Unasema..." kiranja akaanza, akakwama. "Unasema nilikwambia ukavizike na mwenyewe." Akaviangalia vile viatu. "Na mwenyewe ni mama yako."

"Ndivyo," alisema Kiberiti.

Muuguzi akamgeukia bintiye. "Rudia tena, nisikie vizuri."

Kiranja hakuweza. Alilia kwa kwikwi, na Kiberiti akatazama ukuta. Mama yule akamwambia mkuu, "Mwalimu, andika barua mbili, au usiandike hata moja."

Mkuu aliishika kalamu, akaiweka chini. Akaisogeza barua upande wa pili wa meza. Mama Kasuku hakungoja aambiwe mara mbili. Aliichana vipande vinne.

"Kofi lina adhabu yake na tusi lina yake," aliwaambia wasichana. "Zote nitatoa mimi, na mtazitumikia pamoja. Tangulieni darasani, nakuja kusahihisha madaftari."

Wakatoka. Kiranja alikuwa mbele, lakini hakufika mbali; alipunguza mwendo, kwa sababu vile viatu nyuma yake havikuweza kwenda haraka.