Ndoo Mbili za Mama Hadija

Usinionyeshe tena hiyo video, mwanangu. Chuo chenu kimemaliza msimu bila kufungwa, hongereni, nimefurahi. Lakini kumwagiana maji aliyoteka mpishi wenu, ndoo kwa ndoo, hapa hapa Newala, ambako bomba likitoa maji majirani tunaitana? Jamani! Mna wazimu?

Nafoka kwa sababu nami niliufanya upuuzi huo huo. Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikuwa kepteni, beki wa kati. Masasi tuliwafunga kwao, Lukuledi tukawafunga kwao, na fainali tukashinda hapa nyumbani. Nilitoka uwanjani kichwa kimevimba. Nyuma ya jiko la chuo nikakuta ndoo mbili zimejaa, zimewekewa majani juu maji yasimwagike. Sikuuliza za nani. Moja nikammwagia kocha kichwani, ya pili tukamwagiana wenyewe, tunacheka tu.

Mama Hadija, mpishi wetu, akatoka na mwiko mkononi. Tangu alfajiri alikuwa ameshuka bondeni mara mbili, kila mara akapanda na ndoo mlima ule unaoujua. Binti yake alikuwa na siku mbili tangu ajifungue, na maji yale yalikuwa ya mzazi na kichanga.

"Kepteni," aliniita, jina langu hakulitaja. "Msimu mzima jezi zenu nimezifua kwa maji gani? Ya mvua?"

Nami, mjinga, nikamjibu, "Mama, leo sikukuu. Usituharibie."

Aliuweka mwiko chini. Akachukua ndoo moja akashuka tena.

Jioni tukalizungusha kombe mjini, ngoma mbele. Penye njia ya bondeni tukamkuta anapanda, ndoo kichwani, anahema. Akasogea kwenye majani ili washindi tupite. Nami nililiinua kombe juu, nikapita. Shikamoo sikumpa. Ndoo sikumpokea.

Ameshafariki, na radhi sikumwomba. Hilo linanichoma mpaka leo, mwanangu, usione nafoka bure.

Mpishi wenu yu hai. Basi simama, nenda umpe shikamoo, umwombe radhi kwa kinywa chako, kisha wewe na kikosi chako chote mshuke bondeni na ndoo, mmevaa jezi hizo hizo. Anayekufanyia kazi mjue jina, msalimie, mpokee mzigo wake. Ukishafanya hivyo, njoo unionyeshe kombe.

Mungu akupe miguu mizima, na macho ya kumwona anayekupisha njia. Haya, nenda.